Kadi Isiyo na Gemu Ndani

Naftaly Gathogo alikuwa na ugonjwa usiompeleka mtu hospitalini: hakuweza kuuza kitu asichokijua. Wauzaji wengine wa mjini Nakuru hukuuzia redio kwa kukuambia ni nzuri na ina sauti, basi. Naftaly alikwambia spika ni ya wati ngapi, waya wa ndani ni wa shaba au ni wa kubahatisha, na betri itaanza kuchoka lini. Mtu akiingia kununua kebo ya simu, alitoka na kebo pamoja na mhadhara. Wenzake dukani walimwita Mwalimu, na jina hilo lilimpendeza ingawa chaki hakuwahi kuishika.

Miaka kumi na minane alikuwa nyuma ya kaunta ile ile. Jumapili aliimba besi katika kwaya, na kwa jirani zake alijulikana kama mtu mnyoofu kupita kiasi, wa kurudisha hata kalamu aliyoazima. Msemo wake ulikuwa mmoja, na aliurudia mpaka ukachosha: "Mimi siuzi mbuzi kwenye gunia." Mkewe, Edinah, alikuwa akimtania kwamba siku ya hukumu atamsomea Mungu maelezo ya lile lango la mbinguni, bawaba na kufuli.

Ilipofika ile mashine mpya ya michezo, ile ya kushikwa mkononi na pia kuchomekwa kwenye televisheni, Naftaly alikuwa kama mtu aliyepata mtoto. Kijitabu chake alikisoma kwa kinyozi, akakisoma mezani chakula kikipoa, mpaka Edinah akamuuliza anafanya mtihani gani. Baada ya wiki moja alikijua kichwani. Kioo inchi nane kasoro kidogo, picha mia na ishirini kwa sekunde. Hifadhi ya ndani gigabaiti mia mbili hamsini na sita. Padi mbili za kuchezea, moja kila upande, hushikwa na sumaku, na ukibonyeza nyuma zinabanduka. Kila padi ina kifaa cha kuhisi mkono unavyogeuka, na kingine cha kutetema. Kitako cha kuiunganisha na televisheni kina feni yake ya kuipoza.

Alijua pia jambo jingine, na hili ndilo litakalomtesa. Kadi za michezo za mashine ile zilikuwa za aina mbili. Aina ya kwanza ina gemu ndani: unachomeka, unacheza. Aina ya pili haina kitu ndani ila ufunguo. Ukiichomeka, mashine huenda kuitafuta gemu yenyewe kwenye intaneti na kuishusha, mzigo mzito, mara moja tu. Ikishashuka, mtandao hauhitajiki tena. Kwenye kasha la aina hii kuna ukanda mweupe chini, wenye maandishi madogo ya Kiingereza yanayosema hivyo.

Jumamosi moja, saa sita na dakika ishirini, aliingia mama wa makamo aliyevaa sweta ya kijani na viatu vyenye udongo mwekundu. Jina lake Wangui, mkulima wa Kabazi. Hakutaka mashine kwa ajili ya wajukuu, kama Naftaly alivyodhani. Alimtafutia mumewe. Mzee Muiruri alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na mmoja, Mombasa hadi Malaba, kisha ugonjwa wa sukari ukamla miguu yote miwili chini ya magoti. Tangu hapo alikuwa akikaa barazani akisikiliza malori yakipanda kilima kule barabarani, akimwambia mkewe ni gia gani dereva amekosea. Mtu fulani kanisani alikuwa amemwambia Wangui kwamba kuna mashine ambayo mzee anaweza kuendeshea lori akiwa ameketi.

Naftaly aliona raha. Alimwekea padi mikononi, akamwonyesha jinsi ya kuzigeuza pamoja kama usukani, akawasha onyesho la dukani ili asikie mtetemo. Wangui alicheka, akasema inatetema kama barabara ya kwao mvua ikinyesha. Kisha aliuliza swali moja tu, la pekee alilokuwa amekuja nalo kutoka nyumbani.

"Kwetu network hushika huko juu kwa barabara tu. Kwa nyumba hakuna. Hii itacheza?"

Gemu ya malori ilikuwa ya aina ya pili. Jibu la kweli lilikuwa fupi: mama, keti hapa niishushe kwa waifai ya duka, itachukua saa moja na kidogo, halafu utaenda nayo ikiwa tayari. Lakini saa saba kwaya ilikuwa na mazoezi ya mashindano, na mwaka huo Naftaly alikuwa amepewa ubeti wa kuimba peke yake. Alikuwa ameungoja ubeti huo miaka tisa. Alilishika kasha kwa namna ambayo kidole gumba kilikaa juu ya ule ukanda mweupe.

"Kadi ndiyo gemu, mum," akasema. "Unachomeka tu."

Saa saba kasoro alikuwa kanisani, akaimba ubeti wake, akasifiwa. Ukweli ni kwamba hakumfikiria tena yule mama siku ile, wala siku ya pili. Alijiambia kuwa kuna jirani mwenye simu nzuri atakayewasaidia. Mtu akitaka kulala hujitafutia mto.

Wiki tatu zilipita. Alhamisi moja mchana, duka likiwa na watu, Wangui alirudi na kiondo begani. Hakuja kaunta. Alisimama pembeni karibu na friji, akangoja kwa adabu. Naftaly alipomwona moyo ulimshuka hadi kwenye soksi. Alijua kilichomleta, akaanza kupanga utetezi: kwamba ukanda uliandikwa, kwamba hakuuliza vizuri, kwamba duka halirudishi bidhaa iliyofunguliwa. Wangui alimsogelea, akaweka kwenye kaunta avokado sita kubwa, kisha akaitoa mashine ikiwa imefungwa kwa taulo safi.

"Boss, nimekuja kukuomba msamaha," akasema. "Umenipatia kitu mzuri, na mimi nimeiharibu."

Alieleza kwa sauti ya chini. Siku ile ya kwanza aliichaji kwa solar ya nyumbani, akitumia chaja ya simu. Mzee alipochomeka kadi, kilitokea kiduara kikizunguka na maneno ya Kiingereza, na hakuna lori. Walingoja hadi wakachoka. Kesho yake vile vile. Jirani mmoja mjuaji akasema solar huchoma vitu vya namna ile, na Muiruri akaamini kwamba mkewe ndiye aliyeichoma. Sasa ameitembeza habari hiyo kwa kila mgeni anayefika.

Hapo ndipo Naftaly alipopaswa kufungua kinywa. Maneno yalikuwa machache, na yote alikuwa nayo. Lakini mwenye duka, Kosgei, alikuwa hatua mbili kutoka hapo akihesabu balbu, na mteja mwingine alikuwa ameshika kasha la gemu ile ile akingoja maelezo. Isitoshe, mama mwenyewe alikuwa ameshalibeba kosa, amelifunga kwa taulo na kulileta hadi mjini. Kumwachia alibebe lilikuwa jambo rahisi mno.

"Hakuna neno, mum," Naftaly akasema. "Usijali. Hata wengine hukosea."

Wangui alishukuru mpaka akapangusa macho. Naftaly alimwambia aiache, ataitengeneza bure na kumletea mwenyewe Jumapili. Mama akamwombea baraka pale pale, mbele ya Kosgei, ambaye aliitikia kwa kichwa, ameridhika na mfanyakazi wake.

Matengenezo yenyewe yalikuwa kubonyeza neno moja. Mashine ilishika waifai ya duka, na baada ya saa moja na dakika kumi lori jekundu likasimama kwenye kioo likinguruma. Naftaly alilitazama akaona haya, haya ya kweli ya kuchoma masikio. Saa moja na dakika kumi. Hicho ndicho alichomnyima. Avokado alizipeleka nyumbani, Edinah akazisifu kwa utamu, na yeye akasema ameshiba.

Jumapili baada ya ibada alishika njia ya Kabazi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Naftaly aliiona ndefu kupita kiasi, maana alikuwa akitunga maneno tangu Nakuru na kila alipoyafikisha mwisho aliyakuta yamegeuka utetezi. Alipopita kile kilima cha barabara, simu yake ilipoteza mtandao, kama vile Wangui alivyomweleza. Mama hakuwa amesema uongo hata kidogo.

Mzee Muiruri alikuwa barazani, blanketi mapajani, kofia kichwani, mabega bado mapana. Alimkaribisha mgeni kwa kelele za furaha, akamwita fundi wa mafundi. Mashine ilipowashwa na lori likatokea, aliinama akaikaribia. Alizishika padi, akageuza mikono polepole kulia, lori likageuka kulia. Padi zikatetema. Mzee alisema kwa upole kwamba barabara hii haijatiwa lami. Kisha akakaza macho, akaanza kuongea na lori kama mtu anayeongea na ng'ombe anayemjua. Lilipofika kwenye mteremko, Naftaly aliona goti likisukuma chini ya blanketi, likitafuta breki.

Ilikuwa furaha tupu, na Naftaly angeweza kunywa chai yake, akaaga, akarudi mjini akiwa shujaa. Wangui alileta chai na viazi vitamu. Mzee, bila kuondoa macho kwenye kioo, akasema kwa utani wenye mwiba kwamba mashine hii mama asiiguse tena, mtu wa jembe ashike jembe. Wangui akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea. Naftaly, ili aseme chochote, akauliza watachaji wapi chaji ikiisha.

"Nitakuwa nikiipeleka center, kule kwa maduka," Wangui akajibu. "Solar tulizima. Sasa tunatumia koroboi tu, mpaka tupate mtu wa kuiangalia. Sitaki ichome kitu kingine."

Naftaly aliinua macho. Kwenye paa la mabati ile solar ilikuwepo, nzima, ikipigwa na jua la mchana, na waya wake ulikuwa umekatwa na kuviringishwa vizuri juu ya msumari. Wiki tatu wazee hawa walikuwa wakila kwa mwanga wa taa ya mafuta, kwa sababu ya ubeti wa wimbo. Alihisi kama ameingia katika nyumba ya watu na kuwazimia taa kwa mkono wake mwenyewe. Aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu.

"Solar haina shida," akasema. "Mama hakuharibu kitu. Ile kadi haikuwa na gemu ndani, ilikuwa itafute kwa network. Mimi nilijua. Aliniuliza, na nikamdanganya, kwa sababu nilikuwa na haraka."

Lori lilitoka barabarani, likagonga nguzo, likasimama. Mzee Muiruri aliiweka mashine mapajani taratibu. Hakumtazama Naftaly. Alimtazama mkewe, kisha akasema kwa Kiswahili badala ya lugha yao ya nyumbani, mbele ya mgeni, ili mgeni naye asikie: "Wangui, nimekutukana wiki tatu." Alivua kofia, akaishika mikononi.

Wangui alimgeukia mgeni. Alikuwa amesimama, sinia mkononi, akimwangalia Naftaly kwa makini, kama anavyoangalia mbegu kabla ya kuipanda.

"Ile siku nimenunua, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ile siku nimekuja kukuomba msamaha, ukaniambia hakuna neno. Pia ulijua?"

Naftaly alitaka kutaja Kosgei, na wateja, na lile kasha. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa.

"Nilijua."

Wangui akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ya kwanza nimekusamehe," akasema. "Mtu anaweza kuwa na haraka. Lakini ya pili, hiyo bado. Hiyo ungoje."

Akachukua kikombe cha mgeni kikiwa na chai yake nusu, akakiweka kwenye sinia, akaingia nacho ndani.