Ufaransa Yadai Geti

Madam wa historia aliponiteua niwe Ufaransa, darasa lilicheka, maana mimi hata kufuta ubao siaminiwi. Katika somo la siku hiyo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha na wakubwa wamekaa Paris kumpangia adhabu aliyeshindwa. Madam alitaka tuigize. Uingereza akawa msichana wa Elgon View, mtaa wa matajiri, anayetembea kama amemeza rula. Amerika akawa kiranja, mpenda amani na chapati. Halafu akamwonyesha kidole kijana wa dawati la nyuma: "Wewe ni Ujerumani."

Moyo wangu ulipiga makofi.

Huyo Ujerumani nilikuwa nimemnunia tangu siku nilipoenda kwao, nje ya mji, kufanya mradi wa kilimo. Mradi sikuuona. Niliona geti. Wamelipaka rangi ya maruni, lakini katikati limechomelewa gia ya baiskeli, na gia hiyo niliijua kabla ya kujua a e i o u. Shosho, nyanya yangu, hunisimulia kila mvua ikinyesha: guka, mume wake, alichomelea gia ya baiskeli yake ya kwanza kwenye geti la shamba letu, ili mgeni asiulize njia mara mbili. Kisha ukaja ule uchaguzi, kabla sijazaliwa. Watu wakafukuzana, nyumba ikaungua, guka akafia kwenye hema la wakimbizi. Redio huyaita machafuko. Shosho huyaita vita, na yeye ndiye aliyekuwepo.

Geti halikuungua. Lilihama.

Siku ile nilikunywa chai yao, nikasema asante, nikarudi kwetu Munyaka nimeuma ulimi. Shosho sikumwambia.

"Ufaransa, unadai nini?" Madam akauliza.

Nilisimama nikanyoosha tai. "Makaa ya mawe, mashamba ya mpakani, na geti."

Watu walivunjika mbavu. "Geti gani sasa, buda?" Amerika akauliza.

"Ujerumani anaijua."

Ujerumani hakucheka. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Mzee wangu aliinunua," akasema polepole.

"Sijauliza aliitoa wapi. Nataka ile yenye gia. Ni ya guka yangu."

Kicheko kilikatika ghafla kama stima. Madam alitutazama, mmoja kisha mwingine. Naye ni wa huku, hakuhitaji kuelezwa. Akatuambia tuketi, akasema Ujerumani ya kweli ilitia sahihi mkataba ikiwa imekunja ngumi, na chuki ile ikaja kuzaa vita vibaya zaidi.

"Umesikia, Ufaransa?"

"Nimesikia, Madam. Lakini vitu vya watu walirudisha?"

Kengele ilimwokoa.

Jumamosi, Ujerumani aliingia plotini kwetu akisukuma mkokoteni, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Geti lilikuwa limelala juu yake.

"Mzee ameenda harusi," akasema. "Akirudi ataniua."

"Pole," nikamjibu, na sikuwa na pole yoyote. Hata maji sikumpa.

Shosho alitoka na mwiko mkononi. Aliona gia, mwiko ukaanguka. Alipitisha kidole kwenye meno ya gia, moja moja. Kisha akamgeukia yule kijana.

"Umekula?"

Akampakulia githeri. Kwenye sahani yangu!

"Shosho, huyu ni mtoto wa wale watu."

"Na ametembea jua lote hili. Wewe nyamaza." Kisha akalitazama geti tena. "Sasa tutaifunga wapi, mjukuu? Chumba ni cha kupanga. Hata ua hatuna."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulilisimamisha ukutani, likaziba dirisha, na tangu hapo tunawasha taa mchana. Shosho analalamika kuhusu stima. Mimi silalamiki. Nikizima taa nikakaa gizani na chai yangu, naona akilini ng'ombe wao wakitokea kwenye pengo geti lilipokuwa, wanaingia mahindi ya jirani, na mzee wao anawakimbiza na gambuti zake miguuni, anaita, hawasikii.

Chai huwa tamu hata bila sukari.