Niliporudi Chumbani Kwetu

Baada ya kumzaa mtoto wetu wa nne, mkojo ulianza kunitoka bila ruhusa yangu. Nikikohoa, unatoka. Nikiinua ndoo ya maji kisimani pale kijijini kwetu Nambis, nahisi joto likishuka mapajani, kisha baridi ya milimani inanigandisha hadi nyumbani. Nilichana kanga za zamani vipande vipande nikavivaa ndani, nikawa navifua na kuvianika nyuma ya zizi, mahali ambapo mgeni hafiki.

Mume wangu alikuwa mtu wa utani. Miaka ile Manyara ilipokuwa mkoa mchanga, alinunua vitunguu saumu kwa wakulima na kuvipeleka Arusha, na kila akirudi alituvunja mbavu kwa visa vya sokoni. Nikaanza kumkimbia. Siku moja tukiwa faragha mkojo ulinitoka, nikasingizia nimemwaga maji ya kunywa. Tangu hapo, akinigusa tu, mwili wote unakakamaa kwa hofu. Nikahamia chumba cha watoto kwa kisingizio kwamba mdogo anakohoa. Mtoto akapona, mimi sikurudi.

"Mama watoto, nimekukosea nini?" aliniuliza asubuhi moja tukipura maharage.

"Hujanikosea."

"Basi kuna mtu mwingine?"

Swali hilo liliniuma kuliko uchungu wa kuzaa. Niliendelea kupiga maharage.

Wiki hiyohiyo wifi yangu, dada yake aliyeolewa Basotu, alikuja kututembelea. Alizunguka zizi akaona vile vipande kwenye kamba.

"Wifi, hivi ni vya nani, na mtoto ameshaacha nepi?"

Nikalia, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa.

"Kaka yangu anakonda kwa wivu, kumbe ni mkojo!"

Kicheko kilinitoka, na mkojo nao ukatoka, tukacheka zaidi mpaka tukakaa chini kwenye majani. Kesho yake akanipeleka hospitali Mbulu.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alinipima, akasema sina kidonda wala tundu kwenye kibofu. Misuli inayoshika kibofu imelegea kwa sababu ya kuzaa.

"Kaza kama unayezuia mkojo usitoke, shikilia kidogo, kisha legeza. Fanya kila siku, usichoke, hata ukiona miezi inapita. Na usiache kunywa maji kwa kuogopa. Mumeo anajua?"

"Hapana, mama."

"Mwambie."

Nilimwambia shambani, mgongo nimempa, maana macho yake ningeyashindwa. Nikasikia akitupa jembe chini.

"Ni hilo tu?" akasema. "Nami nilishamchagua jirani wa kumpiga!"

Kuanzia siku hiyo ndoo nzito alibeba yeye. Wanaume wenzake walipomcheka, aliwajibu kwamba anajenga kifua. Mimi nilikaza na kulegeza nikikamua ng'ombe, nikipalilia, nikisonga ugali. Nilikata tamaa, nikaanza tena. Halafu, miezi ikiwa imepita, mafua makali yakanishika, nikakohoa mpaka machozi, nikajipapasa. Nilikuwa mkavu!

Nikarudisha blanketi langu chumbani kwetu. Nilipitia chooni kwanza, kisha nikaenda kwa mume wangu bila kukakamaa. Nilidhani nitamfurahisha yeye tu. Kumbe furaha yangu mwenyewe ilikuwa hai bado, ikinisubiri, na ilinijia kwa nguvu ambayo hata ujanani sikuijua.

Baadaye, kwenye kikao cha akina mama kanisani, nilisimama nikasema wazi kilichonipata na jinsi kukaza kulivyoniponya. Bibi mmoja wa benchi la mbele akainua mkono.

"Mwanangu, mimi nilijua ni uzee. Huko kukaza kunafanywaje?"

"Shikamoo, bibi. Kaeni wima nyote, niwaonyeshe."

Tukakaza pamoja, benchi baada ya benchi, kila mama ametazama mbele kwa uso wa mtu anayesali.