Sifuri Ndani ya Banda la Kuku

Jirani yangu hapa Rubya ni mwalimu wa fizikia. Radi ikianza tu kunguruma, hubeba kigoda na madaftari ya kusahihisha, akajifungia kwenye banda lake la kuku, lililozungushiwa wavu wa chuma juu hadi chini. Vidole vyake vyeupe kwa chaki, jogoo katua begani. "Ipige itakavyo," hunihubiria kwa sauti ya darasani. "Ndani ya chuma, nguvu ya umeme ni sifuri. Hofu ya nini?"

Jana radi ikaupasua mparachichi wake. Nikasikia, "Mama yangu weee!" Nikakimbilia bandani. Mwalimu alikuwa amesimama juu ya kigoda, kamkumbatia jogoo. Akashuka polepole, akarekebisha miwani.

"Nani kapiga kelele?"

"Jogoo, Mwalimu."

Akamtazama jogoo kwa masikitiko. "Na huyu nimemfundisha miaka mitatu."