Jogoo la Kundi la Silvester

Babu yangu anaitwa Muharami, ila wazee wenzake hapa Iringa mjini wanamwita Liwali. Msidhani alitawala watu, hata nyumbani anayetawala ni bibi! Mwaka 1954, siku ya kwanza ya darasa la tano kwenye shule ya bweni, alitokea na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kofia ya viua. Darasa zima likainuka: "Shikamoo, bwana Liwali!" Walidhani mkubwa wa serikali kaja kukagua. Mwalimu kacheka mpaka kakaa. Basi, jina likaganda.

Babu kazaliwa Iringa hapa hapa, Kihehe anakichapa balaa. Ila baba yake, fundi cherehani, alitoka Bagamoyo, kwa hiyo kila siku shuleni anaulizwa:

"Kwenu wapi?"

"Hapa Iringa."

"Ee, lakini kwenu kwenu?"

Hilo alilizoea. Kilichomuuma ni sinia. Pale bwenini walikula kwa makundi, kila kundi sinia moja ya ugali. Siku ya nyama mpishi alichinja mwenyewe, na mpishi ni Mkristo, basi babu anatafuna ugali mkavu bila kueleza sababu. Silvester, mkubwa wa kundi, akaona anaringa.

"Anayeikataa nyama yetu, na maharage yetu ayaache!"

Babu akawa anakula peke yake kama kuku mgonjwa.

Mahindi ya shule yalipovunwa, kila kundi likapewa jogoo. Babu akajikaza, akamfuata Silvester.

"Nipe nichinje mimi. Kwetu nyama mpaka achinje Mwislamu. Nikichinja mimi, tunakula wote."

"Kumbe ndo hilo tu? Si ungesema!"

"Mngenicheka."

"Tungekucheka, ndiyo. Halafu tungekupa kisu!"

Shida ni kwamba babu hajawahi kushika kuku maishani. Jogoo likamchomoka, likapita katikati ya kabichi za hedimasta, na kundi zima nyuma yake. Tadeo, mmoja wa kundi, akalidaka kwa kulilalia. Silvester akashika mabawa, babu akaelekea kibla, "Bismillahi", kisu kikapita. Jogoo likaondoka kihalali. Kabichi ndo zilikufa kibudu.

Jioni babu kasimama kando, bakuli mkononi, anasubiri agawiwe.

"We Muharami, unasubiri kadi ya mwaliko?" Silvester kafoka. "Tadeo, sogea huko, mwenzako akae!"

Haya, na nyie ambao wazee wenu walihamia mji wa watu: shuleni nani alisogea wakapata pa kukaa? Tupieni kwenye komenti. Mkiona aibu, semeni ni babu wa jirani.