Barafu ya Wakwe Ilivyomaliza Migomba ya Bi Mize

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Hata shetani simtaji, maana ilikuwa Ramadhani na wenyewe mnajua huwa kafungwa. Ni mimi!

Nafanya kazi kwenye chumba cha kukuzia miche, upande wa Wawi, hapa Pemba. Tunatoa kipande cha moyo wa mgomba, tunakitia ndani ya chupa yenye chakula chake, seli zinagawanyika, zinazidi kuwa nyingi, hadi tunapata miche. Sharti kubwa ni chumba kisipate joto.

Bi Mize wa Wingwi alikuwa na shina la mgomba aliloachiwa na marehemu mumewe. Ndizi zake ukizipika kwa nazi utasahau nyama! Kwingine hatukuziona. Likaingiwa na maradhi ya kukunja majani, majirani wakaanza kulalamika aling'oe lisije likaambukiza migomba yao. Bosi wangu, Dokta Salma, akamwomba asubiri kwanza. Tukachukua moyo wa chipukizi, ile ncha changa ambayo maradhi huwa hayajaifikia, ukaanza kufanya vibonge vyeupe ndani ya chupa.

Jumamosi moja wakwe zangu walikuwa wanakuja kufuturu, na mke wangu akataka barafu ya juisi ya ukwaju. Kazini kuna friza, lakini ukiiwasha pamoja na kiyoyozi, umeme unakatika. Asubuhi nikazima kiyoyozi, nikawasha friza. Alasiri nikapita kuchukua barafu, saumu imenikaba, magharibi inakaribia, nikazima friza, nikaondoka mbio. Nikasahau kuwasha kiyoyozi!

Jumatatu nilipofungua mlango, joto likanipiga usoni. Msimu wa joto la kaskazi, bati juu, madirisha yamefungwa! Nikakimbilia chupa. Vibonge vilikuwa vyeupe vilevile, havikuoza. Nikashusha pumzi, nikawasha kiyoyozi, nikanyamaza.

Dokta alikuwa Unguja. Siku ileile akapiga simu.

"Chupa za Bi Mize zi salama? Majirani washamchosha. Kama zi salama, nenda kamwambie ang'oe."

Nikavitazama vile vibonge vyeupe. Nikasema, "Zi salama, Dokta."

Nilimkuta Bi Mize kashika panga.

"Mwanangu, una hakika? Mie roho yasita."

"Nna hakika, Bi Mize."

Tukang'oa pamoja, na yeye kwa kuwa nimefunga akanionea huruma! Tukachoma mpaka chipukizi la mwisho. Mkungu uliobaki akanipa mimi nikafuturu na watu wangu.

Dokta aliporudi akashangaa kuona vibonge havikui. Akakata kipande, akakitia rangi, akakiweka kwenye darubini, akainama kutazama.

"Njoo utazame," akasema.

Seli hazikuwa zimekufa. Nyingi hata hazikuanza kugawanyika. Nyingine zilikwama katikati, nyuzi za kuvuta kromosomu huku na huku zimevurugika. Nyingine zilikuwa na viini viwili ndani ya seli moja, zimeshindwa kuachana.

"Hizi zimepata joto," akasema, huku ananitazama. Hapo nikalia, nikamwambia yote.

Tukabadilisha chakula, tukangoja zizinduke. Wapi! Vibonge vikageuka rangi ya kahawia, kimoja baada ya kingine. Siku hizi siruhusiwi kuingia chumba kile. Naosha chupa nje.

Lakini hilo si kitu. Ilibidi nirudi Wingwi. Bi Mize alikuwa keshachimba mashimo na kutia samadi, anangoja miche yake. Nikamweleza huku natazama chini. Hakunitukana, na afadhali angenitukana!

"Siku ile nilikuuliza, mwanangu," akasema. "Ungenambia tu, ningeacha chipukizi moja."

Ndugu zangu, mkiharibu amana ya mtu, semeni siku hiyohiyo, hata kama kwa macho hamkioni kilichoharibika. Siku ile shina bado lilikuwa limesimama, na moyo mwingine tungeutoa. Aibu yangu ingekuwa ya siku moja tu, na Bi Mize angekuwa na mgomba wake.