Nguzo Tatu Majini

Ofisini walimwita Bwana Rula, maana rula haikutoka mfukoni mwa shati lake hata siku ya harusi yake. Kazi yake ilikuwa kukadiria kila daraja: kulijenga kutagharimu kiasi gani, kulitunza kiasi gani, na mto wenyewe utapatwa na nini. Kwa hilo la kwanza alikuwa hodari kweli kweli. Kwa mawili yaliyobaki, tuseme ukweli, alifuata mkumbo.

Ofisi ile ilikuwa na mazoea yake. Fomu ya makadirio ilikuwa na safu ya "baada ya miaka kumi", na hakuna aliyeijaza. Waliweka kistari, wakapiga muhuri, wakaenda kunywa chai. Eti miaka kumi ijayo nani atakuwepo?

Zamu ya daraja la bondeni ilipofika, michoro ilikuwa miwili. Mmoja ulivuka mto wote bila kugusa maji, ila bei yake ilimfanya mkuu wa ofisi avue miwani. Wa pili ulikuwa wa bei nafuu, wenye nguzo tatu majini. Bwana Rula alipima, akaona wazi kwamba nguzo zile zitausukuma mkondo kushoto na ukingo utaanza kulika. Akashika kalamu, akasitasita, akaweka kistari. Mwezi uliofuata akapandishwa cheo.

Kushoto kule ndiko ilikokuwa bustani ya dada yake mkubwa, aliyemlea na kumsomesha kwa nyanya na mchicha wa hapohapo.

Sasa amestaafu. Daraja limekarabatiwa mara nne, na gharama yake ingetosha kujenga lile la mchoro wa kwanza na chenji ikabaki. Samaki waliokuwa wakitaga kwenye matete hawaonekani tena, kwa sababu matete yenyewe yameondoka na ukingo. Mto umemaliza bustani, umechukua choo, na sasa uko hatua tisa kutoka kwenye nyumba ya dada. Bwana Rula huzihesabu hatua hizo kila mvua zikiisha, na kila mara hujilaumu kimoyomoyo.

Jumapili iliyopita dada alimwita, akamwekea karatasi mezani. Alitaka amwandikie barua ya kwenda ofisini, kwa kuwa yeye ndiye anayejua lugha ya wakubwa.

"Waulize tu, mdogo wangu," alisema. "Huyo aliyepima hili daraja, sisi wa huku hakutuona?"

Bwana Rula aliandika tarehe, akaishia hapo. Akaweka kalamu chini, miaka ishirini baada ya kile kistari.

"Aliyepima ni mimi, dada. Niliona. Sikuandika."

Dada aliutazama ukuta wa sebule ulivyopasuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Hakupaza sauti.

"Ungeninong'oneza tu," alisema. "Wakati ule hii nyumba nilikuwa bado sijaijenga."