Viti vya Wazazi

Kila Jumamosi, Sista mkuu wa shule ya parokia huburuta viti vya chumba cha kulia cha masista hadi darasani, huweka kimoja kando ya kila mtoto, kisha huvipangusa kwa mkono wa gauni lake. Anataka wazazi wasome katekisimu pamoja na watoto wao, jambo ambalo shule hii haijawahi kulisikia. Masista wenzake humtania, "Viti vyako bado havijaposwa tu?" Hucheka nao, halafu husimama mlangoni peke yake, vidole vimejaa chaki, na kila akisikia hatua nje hujikohoza. Leo alikuja baba mmoja, uso umemwiva. "Kafanya nini tena huyu?" "Hajafanya kitu, baba. Karibu ukae naye." Baba akakaa kidogo, akamtazama bintiye, akamtazama Sista. "Yaani nimeacha kazi zangu nije kukaa?" Akainuka, akaenda zake. Sista akabaki ameshika egemeo la kiti kama anayekizuia kisimfuate. "Kaa wewe, Sista," binti akamnong'oneza. "Bado kina joto la baba." Akakaa. Wakasoma pamoja, kila mmoja akiibia jicho mlangoni.